Shangazi, nilitoze darasa langu la bure, au nilifunge?

Shikamoo Shangazi,

Naomba usitaje jina langu wala mtaa wangu, maana mji ni mkubwa lakini wanamuziki tunajuana. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Dar es Salaam upande wa Temeke, na kazi yangu ni kuimba. Naimba jazz ya Kimarekani, pamoja na nyimbo zetu za zamani ninazozipanga upya kwa mtindo huo. Alhamisi na Ijumaa usiku niko kwenye hoteli moja ya Masaki, na wikiendi nyingine napata harusi au hafla ya kampuni. Nashukuru kwa ninachopata, ila hakitabiriki. Wageni wakipungua hotelini, kitu cha kwanza kupunguzwa ni muziki.

Nakuandikia kuhusu Jumamosi asubuhi. Tangu kabla ya korona naendesha darasa la kuimba kwenye ukumbi mdogo wa mtaani kwetu, na sijawahi kumtoza mtu hata shilingi. Anakuja anayetaka. Wapo mama lishe wawili, kijana wa bodaboda anayeegesha pikipiki yake mlangoni ili aione, fundi cherehani, wanafunzi wa sekondari, na mzee mmoja mstaafu wa bandari aliyewahi kuimba dansi enzi za ujana wake. Siku zikiwa nzuri tunafika thelathini.

Tunaanza na pumzi, tunapasha sauti, halafu makofi. Nawafundisha kupiga pigo la pili na la nne, waliache la kwanza lipite. Waliokulia kwenye mdundiko wanalipata haraka, waliokulia kwenye kwaya wanahangaika kidogo. Kisha tunaitikiana: mimi natoa kipande cha sauti, wao wanakirudisha. Mwisho kila mmoja anapewa duru moja ya wimbo aimbe bila maneno, kwa silabi tu, akijitungia palepale, kama mwimbaji wa jazz Ella Fitzgerald alivyokuwa akifanya. Shangazi, kuna watu ambao wiki nzima hakuna aliyewasikiliza. Ukimpa mtu wa namna hiyo duru moja iwe yake, kinanda kikawa kinamfuata yeye na wenzake wamenyamaza wanamngoja, anabadilika mbele ya macho yako. Mama lishe mmoja alilia alipoimba peke yake mara ya kwanza. Siku hizi ndiye anayejitolea kuanza.

Kuna binti wa miaka 16 pia. Huyo ana sikio ambalo mimi sikuwa nalo katika umri wake. Anajua kinanda kinaelekea wapi kabla hakijafika. Mama yake anauza vitumbua, na aliniambia wazi: "Kwa kuwa hulipishi, na kwa kuwa ni asubuhi, sina sababu ya kumkataza."

Sasa nimebanwa pande zote. Sauti yangu imekuwa ikikwaruza kwa miezi, na noti za juu zinakatika hasa Jumamosi, baada ya Ijumaa ya hotelini. Nilikwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Akaniambia nina vinundu kwenye nyuzi za sauti, kwamba upasuaji si wa kukimbilia, kwamba nipumzike na nifanye mazoezi kwa mtaalamu wa sauti. Akaniuliza naweza kupunguza wapi. Nikakosa jibu. Hoteli ndiyo inayotulisha. Jumamosi ndiyo inayonifanya nitake kuendelea kuimba hotelini.

Halafu kuna hela. Ukumbi nalipia 20,000 kila Jumamosi, kutoka mfukoni kwangu. Mpiga kinanda wetu amekuwa akija kwa nauli na chai tu, lakini sasa ana mtoto mchanga. Ameniambia, "Dada, darasa nalipenda, ila kuanzia mwezi ujao nilipwe au nisije." Anashauri kila mtu atoe 5,000. Mume wangu ni mpole, hajawahi kunigombeza kwa ajili ya darasa, lakini juzi aliniuliza, "Hivi darasa hili mwisho wake ni nini?" Sikumjibu. Ada ya mtoto wetu wa pili tunailipa kwa mafungu.

Na hapohapo imekuja ofa. Ofisa wa kampuni moja aliyenisikia hotelini yuko tayari kulipia ukumbi, mpiga kinanda na vyombo kwa mwaka mzima. Masharti yake ni haya: wawe vijana wa miaka 15 hadi 24 peke yao, wasizidi 20, wachujwe kwa usaili, wavae fulana za kampuni na waimbe kwenye shughuli zake, na picha zao zitumike kwenye matangazo. Maana yake mzee wangu wa bandari na mama lishe wangu watoke.

Moyo wangu unakataa kutoza, na sababu ninayo. Mimi nilifundishwa bure. Mzee aliyenifundisha alikuwa mpiga gitaa kwenye bendi ya shirika la umma miaka ya 1980. Mchana aliniita barazani kwake akanifundisha kusikiliza kabla hajanifundisha kuimba. Hakuchukua hata senti, na sasa ni marehemu. Nikitoza naona kama namkana. Betty Carter nampenda kuliko waimbaji wote wa jazz, na moja ya sababu ni jinsi alivyolea vijana hadi uzeeni. Halafu najua wakianza kulipa, nusu hawatarudi.

Wanafunzi sijawaambia habari za koo. Nitoze, nikubali ofa, au nifunge? Nisaidie kuwaza.

Mwimbaji wa Jumamosi, Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu.

Umenipa maneno matatu nichague moja: kutoza, kukubali, kufunga. Mimi naona una mambo yenye haraka tofauti ambayo yamekukuta wakati mmoja, kwa hiyo yanaonekana kama jambo moja. Koo lako lina haraka yake. Mpiga kinanda amekupa mwezi. Kampuni inangoja jibu. Mumeo ameuliza swali na hajajibiwa. Ukitafuta uamuzi mmoja utakaowajibu wote kwa siku moja, utaamua kwa uchovu, na uchovu huwa unachagua kufunga. Tuyatenganishe.

Nianze na koo, kwa kuwa hilo halina majadiliano. Vinundu hutokea pale nyuzi mbili za sauti zinapogongana kwa nguvu mara kwa mara, hadi panakuwa na sugu. Vinaletwa na matumizi, ndiyo maana daktari wako ameanza na mazoezi ya sauti badala ya kisu: mara nyingi matumizi yakibadilika navyo hupungua. Usiache kwenda kwa huyo mtaalamu, hata kama kupata miadi kunachukua muda. Na wakati unangoja, usijifariji kwa kunong'ona, maana wataalamu wengi wa sauti huonya kwamba kunong'ona nako kunaweza kuzichosha nyuzi. Kunywa maji, na kaa kimya kweli pale unapoweza.

Lakini hebu nikuulize. Daktari alipouliza upunguze wapi, wewe uliweka hoteli upande mmoja na Jumamosi upande wa pili, ukaona lazima kimoja kife. Umewahi kuangalia ni kitu gani hasa cha Jumamosi kinacholiumiza koo? Hotelini una maiki na spika. Kwenye ukumbi wa mtaani una watu thelathini, pengine feni, na barabara ya nje, na naona hukutaja maiki. Huenda kinachokuchosha zaidi si kuimba. Huenda ni kupaza sauti ukitoa maelekezo juu ya kelele, kuita kila kipande mwenyewe na kurudia kwa kila anayekosea. Mimi sijui, koo ni lako, lakini ni swali zuri la kumpelekea mtaalamu wa sauti, na jibu lake linaweza kubadilisha hesabu yako yote.

Na hapo nakuja kwenye jambo ambalo barua yako imelichukulia kuwa kweli bila kulijaribu: kwamba darasa ni sauti yako. Umeniambia mwenyewe kuna mama lishe anayejitolea kuanza. Umeniambia kuna mzee aliyeimba dansi, mtu aliyesimama mbele ya watu wakacheza. Umeniambia kuna binti anayesikia kinanda kinakoelekea. Huyo mzee hawezi kutoa kipande wenzake wakarudisha? Mama lishe hawezi kuongoza pumzi na kupasha sauti, wewe ukakaa pembeni ukisikiliza na kuonyesha kwa mikono? Mwalimu wako alikufundisha kusikiliza kwanza. Inawezekana miezi hii ya kunyamaza ikakulazimisha kufundisha kama yeye alivyokufundisha wewe. Hatari yake ipo, nisikufiche. Watakaoongoza hawatafanya kama wewe. Kutakuwa na wivu kidogo, nani kapewa na nani kanyimwa. Na wewe utaumia kusikia kitu kikiimbwa vibaya usiweze kukisahihisha kwa koo lako.

Sasa hili la marehemu mwalimu wako. Nilipofika hapo kwenye barua yako nilisimama. Unasema hakuchukua hata senti, na hiyo ni heshima kubwa kwake. Lakini unasema pia alikuwa kwenye bendi ya shirika la umma. Mwanangu, kumbuka bendi hizo zilivyokuwa. NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964 chini ya jumuiya ya wafanyakazi, wanamuziki waliajiriwa, wakawa na mshahara wa mwezi, na vyombo vilikuwa vya jumuiya. Baadaye ikaitwa JUWATA, ikawa OTTU, leo tunaijua kama Msondo Ngoma. Jeshi nalo lilikuwa na bendi zake, vijana wa chama walikuwa na yao, na mashirika mbalimbali yakafuata njia hiyohiyo. Mwanamuziki wa bendi ya namna hiyo alilala usiku akijua mwisho wa mwezi kuna kitu. Mchana wake ulikuwa huru kwa sababu usiku wake ulikuwa umelipiwa. Kwa hiyo alipokuita barazani alikupa muda wake, moyo wake na maarifa yake, na shirika, bila hata kujua, likachangia chakula chake.

Simpunguzii thamani yake kwa kusema hivi. Wapo wengi waliokuwa na mshahara na hawakumfundisha mtoto wa mtu. Ninachotaka uone ni kwamba bure yake ilikuwa na mlipaji, na bure yako mlipaji wake ni wewe peke yako: ukumbi wewe, chai wewe, nauli wewe, na sasa hadi koo. Hujafanya alichofanya yeye. Umefanya kigumu zaidi, wakati ambao mashirika yale hayapo tena kubeba bendi. Ukilitazama hivyo, swali la kumkana au kutomkana linalegea kidogo. Linabaki swali jingine: nani mwingine abebe mzigo huu pamoja na wewe, na kwa namna gani ili darasa libaki lilivyo?

Nikupe mfano kutoka kwenye jazz yenyewe. Chicago, mwaka 1965, wanamuziki weusi wa upande wa kusini wa jiji walianzisha chama chao, AACM. Miaka miwili baadaye wakafungua shule ya muziki ya bure kwa vijana wa mitaa yao, siku za Jumamosi kama wewe. Waliofundisha walikuwa wanachama wenyewe, na chama kiliendeshwa kwa ada walizotoa wao. Mwanafunzi halipi, lakini hakuna mwalimu mmoja aliyebeba yote. Na waliojifunza pale walirudi kubeba: Douglas Ewart, kijana aliyetoka Jamaika, aliingia kama mwanafunzi, na baadaye akawa mwenyekiti wa chama. Sikuambii uige Chicago. Nakuonyesha tu kwamba waliofikia miaka mingi na darasa la bure walikuwa wengi.

Tuje kwenye 5,000 ya mpiga kinanda. Unasema unajua nusu hawatarudi. Unajuaje? Umewauliza? Au umewaamulia kwa kuwahurumia? Kijana wa bodaboda anachanga kwenye kikundi chake cha kijiweni, mama lishe yuko kwenye kikoba, mzee anatoa kwenye msiba wa jirani. Hawa ni watu wanaojua kuchanga. Inawezekana wapo wanaoona haya kula chai yako kila wiki bila kutoa chochote, na hawana pa kukuambia. Inawezekana vilevile unasema kweli, na 5,000 kwa mwanafunzi wa sekondari ni ukuta. Wewe una hisia, mimi nina hisia, wenye majibu ni wao.

Ukiamua kuwauliza, nakuomba uangalie jinsi ya kuuliza. Ukisimama ukasema "nadhani tuanze kulipa", wasio na uwezo watanyamaza na wiki ijayo hutawaona. Ukiwaonyesha gharama ilivyo, kwamba ukumbi ni 20,000 na mpiga kinanda ana mtoto mchanga, ukaacha wazungumze, huenda wakaja na mpango wao: sanduku la mchango lisiloangalia nani katoa nini, au wanaofanya kazi watoe na wanafunzi wasitoe, au mtu akumbuke ukumbi mwingine usiolipiwa. Fedha zikianza kuingia, zisikae kwako. Wachague mtunza hazina. Na kama mtakuwa kikundi chenye fedha, ofisi ya maendeleo ya jamii ya manispaa yenu husajili vikundi vya aina hiyo, na usajili utawasaidia hata siku mtakapotaka kuomba msaada mahali. Hatari kubwa ya mchango ni hii: anayelipa huanza kuhesabu. "Leo sikupata zamu yangu." "Fulani hatoi, mbona anaimba sana." Darasa lako limejengwa juu ya kila mtu kupewa duru yake bila kuulizwa kaleta nini. Hilo likianza kuchakaa, utalijua mapema kuliko mtu yeyote, na ni haki yako kusema basi.

Njia nyingine ni msikilizaji alipe, mwanafunzi asilipe. Onyesho moja kila baada ya miezi kadhaa, tiketi ndogo, majirani na jamaa waje. Mumeo naye aje, akae mbele. Tatizo la njia hii ni kwamba maonyesho yana tabia ya kulimeza darasa: ghafla kila Jumamosi ni mazoezi ya shoo, wanaoimba vizuri wanasogezwa mbele, na yule aliyekuja kusikilizwa anarudishwa nyuma. Na kuna vibali. Ofisa utamaduni wa manispaa atawaeleza kinachotakiwa kabla hamjauza tiketi ya kwanza.

Kuhusu mkopo, kama mtu atakushauri: Mfuko wa Utamaduni na Sanaa upo na hukopesha wasanii, lakini mkopo hurudishwa, na darasa lako haliuzi kitu. Kwa kazi zako za jukwaani ungeweza kuufikiria. Kwa Jumamosi, mimi ningeogopa.

Ofa ya kampuni nayo nisingeitupa wala nisingeikumbatia. Fedha za kampuni zimewahi kufanya mema kwenye muziki wa kwetu. Kule Korogocho, Nairobi, mpango wa Ghetto Classics ulioanzishwa mwaka 2008 umewafundisha muziki watoto wengi wa mitaa maskini, na tamasha la jazz la kampuni ya simu ya Safaricom, lililoanza mwaka 2014, liliuchangia. Lakini tazama na upande wa pili. Zanzibar, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanza mwaka 2002 na kulea vipaji vingi vya taarab na muziki mwingine, kilitangaza mwaka 2019 kuwa kiko hatarini kufungwa baada ya ufadhili kukauka. Ikiwa chuo kizima kinaweza kutikisika, jiulize nini kitatokea kwa ukumbi mdogo wa Temeke mwezi wa kumi na tatu, mwaka wa kampuni ukiisha, mzee na mama lishe wakiwa wameshaondoka na mpiga kinanda ameshazoea mshahara.

Barua yako imeyaweka masharti yote kwenye fungu moja, kana kwamba ni lazima uyameze au uyateme yote. Mimi nayaona hayafanani. Fulana ni kitambaa. Kuimba kwenye shughuli zao mara mbili tatu kwa mwaka ni jambo la kujadili. Kuchuja na kuwaondoa watu wazima ni kubadilisha darasa liwe kitu kingine, na hapo nadhani moyo wako umekuambia kweli. Umemuuliza yule ofisa kwa nini 15 hadi 24? Huenda ni kundi analolazimika kuliripoti kwa wakubwa wake, na angeridhika kufadhili vijana 20 ndani ya darasa linalobaki na watu wote. Huenda asiridhike. Kumuuliza hakukugharimu kitu. Suala la picha litazame kwa makini zaidi. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na binti yako ana 16. Picha yake ikienda kwenye matangazo, mama muuza vitumbua anatakiwa ajue imekwenda wapi, kwa muda gani na kwa faida ya nani, kwa maandishi, naye awe na nafasi ya kukataa bila mtoto kutolewa darasani. Usitie saini kitu ambacho hujampa mtu anayejua mikataba akisome.

Mpiga kinanda ni kijana mwenye adabu. Amekuambia mapema, amekupa muda, hakutoroka. Naomba usimwone kama mtu anayekulazimisha. Ana mtoto mchanga, na ameshika nafasi ile kwa chai kwa muda mrefu. Hata kama huna cha kumlipa, mwite mzungumze kabla mwezi haujaisha. Huenda angekubali Jumamosi mbili kwa mwezi zenye malipo madogo, na zile nyingine mkaimba kwa makofi na sauti tupu, jambo ambalo jazz na ngoma zetu zote zinaliruhusu. Huenda akaondoka, na itawauma, na mtamshukuru.

Swali la mumeo umelisikia kama lawama ya hela. Mimi nimelisoma polepole: "Hivi darasa hili mwisho wake ni nini?" Mtu mpole anayemwona mkewe akirudi Jumamosi bila sauti, akiwa na karatasi ya daktari mkobani, anaweza kuuliza hivyo kwa hofu tu. Anajua yote kuhusu vinundu? Barua haisemi. Kama hajui, anatakiwa kujua leo. Na swali lake ni la haki hata bila koo: wewe unataka darasa hili liwe nini miaka mitano ijayo, hata kama jibu ni kwamba libaki vilevile lilivyo?

Kufunga nako nakutaja, maana umekutaja. Mwalimu ana ruhusa ya kufunga. Kuna tofauti kati ya kufunga kabisa na kupumzika msimu mmoja kwa agizo la daktari, na darasa lililoambiwa ukweli hungoja vizuri kuliko lililoachwa likikisia. Hata hivyo hatari ipo: watu hutawanyika, ukumbi hupangishwa kwa wengine, na binti wa miaka 16 akikaa miezi bila mahali pa kuimba anaweza kupelekwa kwenye kazi nyingine za maisha. Ukiamua kupumzika, nenda kwa mama yake wewe mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Alikupa sababu mbili za kumruhusu mtoto, bure na asubuhi. Nina hakika ipo ya tatu ambayo hakuitaja, nayo ni kwamba anakuamini wewe.

Umemtaja Betty Carter, na mimi pia nampenda. Mwaka 1993 alianzisha Jazz Ahead kwa ajili ya vijana, lakini miaka mingi kabla ya hapo shule yake ilikuwa bendi yake mwenyewe: alichukua vijana wa kinanda, besi na ngoma, akawalipa, akawafundisha jukwaani usiku kwa usiku, wakaondoka wakiwa mahiri. Aliimba karibu hadi kifo chake mwaka 1998. Kufundisha hakukuwa pembeni ya kazi yake. Fikiria kama na kwako kuna mlango wa namna hiyo. Binti bado mdogo kwa usiku wa hotelini, lakini katika hao thelathini hakuna mtu mzima mmoja au wawili ambao ungeweza kwenda nao kwenye harusi wakakuitikia, wakakupunguzia noti za juu, wakapata chochote? Hoteli na Jumamosi huenda visiwe maadui kama ulivyoviona kwa daktari.

Kwa sasa usimjibu ofisa wa kampuni. Mwombe muda, kampuni huwa zinao. Mumeo mwambie kila kitu usiku huu. Jumamosi hii wape wanafunzi wako habari za koo, kwa sauti ya chini au kwa kumpa mzee karatasi aisome, na mwache yule mama lishe aanzishe. Kisha niandikie uniambie wamesemaje, hata kama wamesema jambo ambalo mimi na wewe hatukuliwaza.

Shangazi